Kutunza Spitfire ndani ya makumbusho: unyevu, radiamu, matairi na rangi ya zamani

Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, iliruka kwa mara ya kwanza Eastleigh, karibu na Southampton, tarehe 5 Machi 1936. Walioiunda walitaka ndege nyepesi ya kupigana. Hakuna aliyewaomba ribiti (pini za kuunganishia mabati) zitakazodumu miaka 80. Ndiyo maana ndege hii, hata ikisimama ukumbini bila kuruka wala kunyeshewa, inaendelea kuliwa kidogo kidogo kutoka ndani. Na mara nyingi anayeiharakishia mwisho ni mtu mwenye nia njema aliyeshika kopo la dawa ya kung'arisha magari.

Mwongozo huu ni wa fundi, mtunza mikusanyo au mtu wa kujitolea aliyekabidhiwa ndege ya kivita ya Vita Kuu ya Pili ambayo imeshakarabatiwa, haitaruka tena, na kazi yake sasa ni kuonekana. Mfano tunaotumia ni Spitfire Mk IX yenye injini ya Merlin. Pale ambapo ndege nyingine hutofautiana sana nayo, tumesema. Kanuni inayotawala kila hatua ni moja: usifanye jambo ambalo fundi wa miaka 50 ijayo hataweza kulifuta.

Kabla ya kuigusa

Fuata mpangilio huu hata kama ndege imekaa ukumbini miaka 30. Kukaa muda mrefu hakumaanishi kwamba kuna mtu aliyewahi kuikagua.

1. Silaha na baruti. Mtaalamu wa silaha athibitishe kwa maandishi kwamba bunduki za Browning na mizinga ya milimita 20 ya Hispano imelemazwa. Aangalie pia risasi za ishara, na kile kisanduku cha redio kilichoitambulisha ndege kwa rada za upande wake. Kisanduku hicho kilifungwa baruti ndogo ya kukiharibu kisije kuangukia mikononi mwa adui. Mara nyingi kisanduku kilitolewa zamani, lakini usikisie.

2. Mitungi ya gesi. Spitfire ina mitungi ya hewa iliyoshindiliwa kwa ajili ya breki, flapu na bunduki, ina oksijeni ya rubani, na ina chupa ya kaboni dayoksaidi ya kushushia magurudumu wakati wa dharura. Mitungi yote iwe mitupu na valvu zake ziachwe wazi. Kila mmoja ufungwe kibandiko chenye tarehe uliyoukagua.

3. Radiamu. Namba na mishale ya saa za kwenye dashibodi, pamoja na dira, vilipakwa rangi yenye radiamu ili rubani asome gizani. Leo hazing'ai tena, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kilichochoka ni kemikali iliyokuwa ikitoa mwanga. Radiamu yenyewe hupungua kwa nusu baada ya miaka 1,600, kwa hiyo bado ipo karibu yote. Pima kwa mita ya Geiger na uandike kiwango cha kila kifaa. Usifungue kioo cha saa yoyote, wala usipanguse kwa kitambaa kikavu kioo kilichopasuka, kwa sababu unga wa kahawia unaodondoka ukivutwa mapafuni ni hatari kuliko mionzi unayoipata ukiwa nje. Radiamu pia huzalisha gesi ya radoni, ambayo hujikusanya ndani ya chumba cha rubani kilichofungwa. Fungua kifuniko, washa feni, usubiri, ndipo uingize kichwa. Kuhifadhi au kusafirisha vifaa hivi kunahitaji kibali cha mamlaka ya mionzi ya nchi yako.

4. Asbesto, kadmiamu na kromati. Ukuta wa kuzuia moto kati ya injini na rubani, gaskiti za ekzosi na bitana za breki zichukuliwe kuwa na asbesto hadi maabara iseme vinginevyo. Unga mweupe au wa manjano juu ya vichwa vya bolti huenda ni kadmiamu. Rangi ya msingi ya kijani au ya manjano huwa na kromati. Kwa sababu hizo, hakuna kupiga msasa mkavu popote kwenye ndege hii. Glavu za nitrili na barakoa ya chembe ndogo ni vifaa vya kila siku.

Hewa ya ukumbi

Adui mkubwa ni unyevu. Metali ingependa hewa kavu kabisa, lakini mbao, ngozi na kitambaa hupasuka zikikaushwa mno. Mk IX ina vyote. Mwili wake ni duralumini (aluminiamu iliyochanganywa shaba), usukani wa mkia na elevata (mabapa ya mkia ya kuinua na kushusha pua) vimevishwa kitambaa, na panga za propela mara nyingi ni za mbao iliyoshindiliwa. Weka unyevu wa hewa kati ya asilimia 45 na 50, na usiruhusu upande au ushuke zaidi ya asilimia 5 kwa siku. Ukizidi 60, kutu huongeza kasi. Ukishuka chini ya 40, mbao za propela huanza kuachana kwenye maungio.

Kipimo kimoja ukutani hakitoshi. Weka kingine ndani ya bawa na kingine nyuma ya kiti cha rubani, sehemu zisizopata hewa. Tofauti ya asilimia 15 kati ya ukumbi na tumbo la ndege si ajabu.

Jambo linalosahaulika sana ni joto la bati lenyewe. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 70 hutona umande juu ya kitu chochote chenye nyuzi 14 au chini yake. Katika nchi zenye baridi, ndege iliyolala usiku kwenye banda lenye nyuzi 10 hulowa milango ikifunguliwa asubuhi ya joto na mvua, na maji hayo huingia kwenye maungio yasikoonekana. Pasha ukumbi polepole kwanza, kisha ndipo ufungue milango. Kwa makumbusho yaliyo karibu na bahari kuna chumvi pia. Hapo milango miwili yenye chumba cha katikati huokoa ndege kuliko dawa yoyote ya kupaka.

Mwanga usizidi lux 200 juu ya rangi na kitambaa, na miale ya urujuanimno isizidi mikrowati 75 kwa kila lumeni. Taa za LED zinatosha. Dirisha la jua lipakwe filamu ya kuzuia miale hiyo, na kifuniko cha chumba cha rubani kivishwe shuka la pamba nyakati ambazo hakuna wageni.

Vumbi

Vumbi hunywa unyevu na kuubandika kwenye bati, kwa hiyo liondolewe, lakini kwa mkono mwepesi. Tumia brashi laini ya manyoya asilia mkono mmoja, na mdomo wa mashine ya kuvuta vumbi mkono wa pili. Funga chandarua kwenye mdomo huo ili ukivuta kipande cha rangi kilichobanduka ukipate. Anza juu ya mkia na kifuniko cha rubani, shuka mabawani, malizia magurudumu. Brashi ya sehemu zenye grisi isitumike kwenye rangi.

Kuosha ni mara chache, na kunahitaji jaribio kwanza. Chukua kijiti cha pamba, kiloweshe maji ya betri (maji yaliyokenekwa, si asidi), kisugue kidogo mahali pasipoonekana. Pamba ikitoka na rangi, acha. Ikitoka na uchafu tu, endelea kwa maji ya betri yenye sabuni isiyo na chumvi, kiasi cha mililita 5 kwa lita moja. Tumia kitambaa kilichokamuliwa vizuri, sehemu ya nusu mita kwa nusu mita kila mara, na ukaushe papo hapo. Usipige maji ya bomba la mpira, hata siku moja. Maji yanayoingia kwenye bawa hutoka kwa matundu madogo ya chini, na matundu hayo mara nyingi yamezibwa na rangi ya ukarabati. Yatafute na kuyazibua kwa kijiti cha mwanzi.

Kioo cha kifuniko ni perspeksi, na kina sheria zake. Dawa ya madirisha yenye amonia, spiriti, thina na asetoni huleta nyufa ndogo zinazometameta ndani ya plastiki, na hazitibiki. Mwagia maji ya sabuni kidogo, pitisha vidole visivyo na pete ili uhisi chembe za mchanga, uziondoe, kisha panguza kwa mistari iliyonyooka. Kusugua kwa kuzungusha huacha pete zinazoonekana mara taa zikiwashwa.

Kutu nyeupe

Hapa ndipo ndege nyingi hupotea. Bati la Spitfire ni duralumini iliyovishwa pande zote mbili utando wa aluminiamu safi, na utando huo ndio kinga yake. Kwa mabati membamba ya aina hii huwa ni takriban asilimia 5 ya unene kila upande. Bati la milimita 0.9 lina kinga ya milimita 0.045 tu. Sasa fikiria ndege iliyoachwa bila rangi ili ing'ae, ikisuguliwa kwa dawa ya kung'arisha kila mwaka. Utando unakwisha, duralumini yenye shaba inabaki wazi, na madoa meusi yanaanza kutokea. Mtunzaji akiyaona anasugua zaidi. Ndege ya bati tupu ikishang'arishwa wakati wa ukarabati, isiguswe tena kwa kitu chenye chembechembe.

Kagua kwa kurunzi iliyolazwa karibu na bati, mwanga upite juu juu. Kasoro zitatupa vivuli. Tafuta haya:

- Vichwa vya ribiti vilivyozungukwa na unga mweupe, au vilivyochomoka kidogo. Ribiti za Spitfire zilizochanganywa magnesiamu nyingi huoza kwa ndani na kukatika shingo huku kichwa kikionekana kizima. Gonga taratibu kwa ncha ya mbao: iliyokufa hucheza.
- Bati lililovimba kati ya ribiti mbili. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyoizaa, hivyo bati husukumwa juu.
- Kingo zinazofunguka tabaka kwa tabaka kama kurasa za kitabu kilicholowa. Hiyo haisafishwi. Iandike na umwite mhandisi.
- Bolti za chuma ndani ya aluminiamu. Penye unyevu, metali hizo mbili hufanya kazi kama betri, na aluminiamu ndiyo inayoliwa.
- Rimu za magurudumu. Nyingi ni za magnesiamu, na kutu yake ni unga wa kijivu-cheupe unaochimba mashimo. Cheche zisikaribie mahali hapo, na kizima moto cha metali kiwe karibu. Maji hayazimi magnesiamu inayowaka, huichochea.
- Mihimili mikuu ya mabawa. Mhimili wa Spitfire umeundwa kwa mirija ya mraba iliyoingizana mmoja ndani ya mwingine. Kutu kati ya mirija haionekani kwa macho. Ingiza kamera ya waya kupitia vifuniko vya ukaguzi angalau kila miaka 2.

Kutu changa iondolewe kwa kijiti cha mwanzi au plastiki na pamba yenye maji ya betri. Usitumie kamwe sufi ya chuma wala brashi ya waya, maana chembe za chuma hubaki zimezama kwenye aluminiamu na kila moja inaanzisha kutu yake. Pima kloridi, yaani chumvi, kwa vijikaratasi vya kupimia, suuza hadi isomeke sifuri, kausha kwa hewa ya uvuguvugu, kisha paka nta ya mikrokristali kwa utando mwembamba, au Paraloid B-72 (vanishi ya plastiki) ya asilimia 5 kwenye asetoni. Vyote viwili huondoka ukivihitaji kuondoka. Kumbuka tu kwamba asetoni haikaribii perspeksi wala kitambaa kilichopakwa dopu, ile vanishi ya kukaza kitambaa cha ndege.

Ndege iliyotoka majini ni habari nyingine kabisa. Dornier Do 17, ndege ya mabomu ya Kijerumani iliyoopolewa baharini Goodwin Sands, Uingereza, mwezi Juni 2013, ilipelekwa kwenye makumbusho ya Cosford, ikawekwa ndani ya mahema na kunyunyiziwa maji yenye asidi ya sitriki kidogo kwa muda mrefu ili kutoa chumvi. Usijaribu njia hiyo kwenye ndege iliyopakwa rangi.

Injini na majimaji

Merlin ina lita 27, silinda 12 na plagi 24. Kwa ndege ya maonyesho, kila kimiminika kisichohitajika kitolewe. Maji ya kupoozea yenye glaikoli hugeuka asidi kadiri miaka inavyopita na kutafuna rejeta mbili zilizo chini ya mabawa. Yatoe yote, suuza kwa maji ya betri, puliza hewa kavu. Petroli ya zamani ilikuwa na risasi, na matangi ya Spitfire yako mbele ya miguu ya rubani. Tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa. Lipitishe hewa au naitrojeni hadi kipimo cha gesi kisome sifuri.

Ng'oa plagi zote 24, nyunyizia mafuta ya kuhifadhia ndani ya kila silinda, kisha funga plagi bandia zenye jeli ya silika. Chagua jeli inayobadilika kutoka rangi ya chungwa kwenda kijani. Ile ya bluu ina kobalti yenye sumu. Ikibadilika rangi, badilisha, na kama inabadilika haraka kuliko kila miezi 3, ujue kuna mahali panapovuja, aghalabu mdomo wa ekzosi usiozibwa.

Je, propela izungushwe? Injini ikiwa imehifadhiwa kwa mafuta na hakuna kinachokwama, robo mzunguko kila mwezi hubadilisha mahali valvu na pistoni zinapokaa. Ikigoma, acha. Usiongeze nguvu. Bf 109, ndege ya kivita ya Kijerumani, ni tofauti: injini yake imepinduliwa, silinda ziko chini, na mafuta huchuruzika na kujaa humo. Ukizungusha kwa nguvu unaweza kupinda fimbo ya pistoni. Toa plagi za chini kwanza.

Weka trei yenye karatasi nyeupe chini ya injini na kila mguu. Tone jekundu ni haidroliki, jeusi ni oili, na lile lenye harufu tamu-tamu linaloteleza ni glaikoli iliyobaki kwenye bomba. Ukijaza haidroliki, jua kwanza sili ni za mpira gani. Mafuta ya madini huvimbisha sili za mpira wa asili, na ndani ya wiki chache miguu yote huanza kuvuja.

Magurudumu na jeki

Ndege isikae kwa uzito wake juu ya matairi ya zamani. Mpira hupasuka, tyubu hupoteza hewa, na tairi likilala upande mmoja halirudi. Inue kwa jeki kwenye sehemu zilizotajwa na kitabu cha matengenezo cha aina hiyo, weka stendi, kisha shusha mpaka tairi liguse sakafu tu. Mgeni hatatambua.

Spitfire ina pua nzito. Merlin pekee ni zaidi ya kilo 740, na magurudumu yako mbele kidogo tu ya kitovu cha uzito. Ndege iliyopoteza redio na vifaa vya nyuma huwa na pua nzito zaidi. Kabla ya kuinua mkia, ufunge kwa uzito au kamba ya sakafuni, vinginevyo propela itapiga chini.

Katika kujaza upepo, tumia hosi ndefu yenye kibano na usimame mbele au nyuma ya tairi, si ubavuni mwa rimu. Upepo uwe wa kutunza umbo tu. Kabla ya kufungua bolti za rimu, toa upepo wote. Wakati wa kusogeza ndege, sukuma kwenye miguu na mahali panapoimarishwa na mbavu. Kitambaa cha elevata hutoboka kwa kidole gumba.

Rangi ni hati

Hili linahitaji subira kuliko yote. Rangi ya zamani hueleza ndege ilikuwa kikosi gani, lini, na ilitengenezwa mara ngapi. Makumbusho ya kijeshi ya Saxonwold, Johannesburg, yanayo Me 262 B-1a/U1, jeti ya Kijerumani ya kupigana usiku yenye viti viwili, ndege ya aina ambayo haijabaki mahali pengine. Kwenye ndege ya namna hiyo, sentimita moja ya rangi ya 1945 haina mbadala.

Kabla ya kupaka upya sehemu yoyote, toboa dirisha dogo la ushahidi: sentimita 2 kwa 2, kwa msasa laini wenye maji, ukifungua tabaka moja moja ili zionekane kama ngazi. Piga picha pamoja na kadi ya rangi, andika mpangilio, na uliache dirisha hilo wazi au ulifunike kwa rangi inayoondoka.

Usahihi una sura isiyopendeza wakati mwingine. Mistari myeusi na myeupe ya kutambulisha ndege za Washirika, ya Juni 1944, ilipakwa kwa brashi na kwa haraka, siku chache kabla ya majeshi kutua Normandy. Ukiipaka kwa utepe, ikanyooka kama rula, umepaka kitu ambacho marubani wengi hawakukiona. Vivyo hivyo mng'ao: rangi za vita hazikung'aa, kwa hiyo nta isipakwe juu ya rangi butu, maana huigeuza rangi nyingine kabisa. Dawa za magari zenye silikoni zisiingie jengoni. Silikoni huzama, na rangi ya baadaye haishiki.

Kipande kipya cha bati kigongwe muhuri wa mwaka upande wa ndani. Kilichotolewa, hata ribiti moja, kitiwe mfukoni chenye namba ya mahali kilipotoka.

Wageni na kuning'iniza

Jasho lina chumvi, na alama ya kidole huchoreka kwenye aluminiamu baada ya wiki chache. Uzio wa mita 1.5 unatosha, lakini pima kutoka ncha ya bawa. Siku za kuingiza wageni chumba cha rubani, kioo cha dashibodi kifunikwe kwa karatasi ngumu ya plastiki angavu, viatu vivuliwe, na wakanyage njia iliyochorwa kwenye shina la bawa pekee. Panya nao ni wageni. Mkojo wao hutoboa bati, kwa hiyo mitego ya gundi iwekwe ndani ya mabawa na ikaguliwe kila wiki.

Ndege ikining'inizwa, kama Spitfire R6915 iliyo juu ya ukumbi wa Imperial War Museum, London, uzito ubebwe na mihimili ya injini na fremu kuu, kamwe si bati. Kila kebo iweze kubeba peke yake angalau mara 5 ya mzigo wake. Mhandisi akague kebo, pini na nanga za dari kila mwaka, akitafuta nyuzi zilizokatika karibu na viungio, na majibu yake yaandikwe kwenye daftari lile lile la radiamu, unyevu na jeli ya silika.